Raba za gari la paa la kukunja: mambo ya kuzingatia kabla ya mvua

Gari la paa la kukunja halijafunikwa na bati moja lililochomelewa kama magari mengine. Paa lenyewe huja na kuondoka, vioo vya milango havina fremu, na pale vitu hivyo vinapokutana, kinachozuia maji ni raba peke yake. Kwa hiyo kazi hii ifanye jua likiwaka. Mvua ikishaanza, utabaki kukamua zulia tu.

Jambo la kwanza ni kujua kama gari tayari lina maji bila wewe kujua. Usitazame zulia, libonyeze. Kandamiza kiganja kwa nguvu miguuni mwa dereva na abiria, nyuma ya viti na chini yake. Chini ya zulia kuna sponji nene ambayo inaweza kushika maji kwa wiki kadhaa huku juu pakiwa pakavu kabisa. Ukihisi ubaridi, au ukifungua mlango asubuhi ukakutana na harufu ya uvundo, inua zulia uone. Katika baadhi ya magari jambo hili si la harufu tu. Porsche Boxster ya kizazi cha kwanza, kwa mfano, ina kisanduku cha umeme cha loki na ufunguo chini ya kiti, na maji yakikifikia gari linaweza kukataa kuwaka.

Kabla ya kununua chochote, tafuta raba inapopwaya. Kata karatasi vipande vya upana wa vidole viwili. Fungua mlango, weka kipande juu ya raba, funga mlango, kisha kivute polepole. Panapobana vizuri karatasi hutoka kwa shida, unaisikia ikisuguana na raba. Panapopwaya huteleza tu mkononi. Sogea kiganja kimoja, rudia, na kila unapokuta ulegevu bandika kipande cha utepe kwenye bodi. Nenda taratibu zaidi kwenye kona ya juu ya mlango, pale raba ya kioo cha mbele, raba ya paa na kioo cha mlango zinapokutana. Kwa uzoefu wangu, kona hiyo ndiyo huanza kuvuja kabla ya sehemu nyingine.

Baada ya karatasi, jaribu kwa maji. Tumia mpira wa bustani bila kichwa cha kuongeza kasi ya maji, maji yamwagike tu kama mvua. Anza chini ya mlango ukipanda, na kila sehemu uipe dakika mbili au tatu, huku mtu akiwa ameketi ndani na tochi na karatasi laini mkononi. Ukianza juu, maji yatateremka kila mahali na hutajua yameingilia wapi. Mashine ya kuoshea kwa presha usiitumie hapa, kwa sababu inaweza kusukuma maji hata kwenye raba nzima na kukufanya ubadilishe kitu kisichoharibika.

Sasa usafi. Watu hupaka mafuta juu ya uchafu, na hilo hunisikitisha kila ninapoliona. Chukua raba ya mlango, ifungue ulimi wake kwa kidole, utazame ndani. Utakuta mstari mwembamba wa mchanga, vumbi lililogandamana na vipande vya majani. Mchanga huo ndio unaoisaga raba kila mlango unapofungwa, na ndio unaoinua ulimi kidogo maji yapite. Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, kwa kitambaa kilichozungushwa kwenye kidole, ukirudia mpaka kitambaa kisitoke na uchafu. Acha pakauke kabisa. Petroli na thina zikae mbali.

Cha kupaka kinategemea raba imetengenezwa kwa nini. Raba nyingi za milango ya magari ya sasa ni za EPDM, aina ya raba ya kutengenezwa kiwandani, ambayo huvumilia jua na hewa vizuri lakini huvimba na kulainika ikikutana na mafuta yatokanayo na petroli. Kwa hiyo mafuta ya mgando ya kujipaka, oili ya injini, grisi ya beringi na dawa ya kulegezea nati zilizoshika kutu, vyote si vyake, hata kama siku ya kwanza raba itang'aa kama mpya. Tumia grisi ya silikoni au krimu iliyotengenezwa kwa ajili ya raba. Paka kiasi kidogo sana, isugue iingie, iache saa chache ukiweza, kisha futa inayobaki. Isiguse kioo, maana italeta ukungu wa mafuta usiotoka kirahisi, wala sehemu unayotarajia kupiga rangi, kwa sababu rangi haitashika. Mara mbili kwa mwaka inatosha kwa gari linalolala kivulini. Linaloshinda juani liongezee.

Jambo ambalo ningependa kila mwenye gari hili alijue ni matundu ya kutolea maji. Paa la kukunja halikuundwa kuzuia kila tone. Maji kiasi hupita pembeni, hukusanywa kwenye mfereji na kushuka kwenye mirija hadi chini ya gari. Katika magari mengi matundu hayo yako nyuma ya milango, karibu na mahali paa linapojikunja. Mimi niliwahi kununua raba mpya za milango yote miwili, nikazifunga kwa uangalifu, na mvua iliyofuata nikakuta maji yaleyale nyuma ya kiti. Nilipokunja paa nusu na kuingiza mkono kwenye kona, nilitoa tonge la majani yaliyooza na udongo. Raba za zamani hazikuwa na kosa lolote. Kwa hiyo mimina kikombe cha maji kwenye tundu, kisha chungulia chini ya gari: yanapaswa kutoka mara moja. Yakisimama, pitisha uzi mnene wa nailoni polepole. Waya wa chuma unaweza kutoboa mrija au kuuchomoa, na kuurudisha ni kazi kubwa.

Kuna pia marekebisho ambayo hayahitaji raba mpya. Kwenye magari mengi ya aina hii kioo hushuka kama sentimita moja unapofungua mlango na kupanda ukifunga, kikaingia chini ya raba. Betri ikichomolewa, baadhi ya magari husahau mwendo huo na kioo hubaki chini kidogo. Kitabu cha gari hueleza namna ya kukifundisha upya, mara nyingi kwa kushikilia swichi. Makomeo ya paa nayo, kwenye magari mengi, hukazwa. Geuza robo mzunguko, funga, jaribu karatasi tena.

Raba inayohitaji kubadilishwa utaijua kwa ukucha wa dole gumba. Ibonyeze: nzima hurudi juu, iliyochoka hubaki na shimo. Ikiwa imepasuka, imekuwa ngumu kama plastiki, au imelala bapa, usiihangaikie. Unapofunga mpya usiivute ili ienee vizuri. Raba iliyovutwa hujirudi baadaye na kuacha mwanya kwenye kona. Mlango utakuwa mgumu kufunga siku za mwanzo, na hilo ni la kawaida. Gundi ya silikoni ya kuzibia usiipake kwenye raba inayofunguka na kufunga. Itabanduka, na kuisafisha kutararua raba uliyotaka kuiokoa.

Kazi ikiisha, tandika gazeti kavu chini ya mazulia ya miguuni na nyuma ya viti. Mvua ya kwanza ikinyesha usiku, asubuhi toa karatasi moja moja uzitazame kabla ya kuwasha gari. Doa la maji litakuonyesha kona ya kurudia.