Mazoezi ya kumzuia mzee asianguke, yanayofanyika nyumbani

Kutembea jioni kutoka Ngamiani hadi Raskazone, mjini Tanga, kunafaa kwa moyo na kwa sukari, lakini peke yake hakumkingi mzee na kuanguka. Anayetembea kila siku kwenye lami tambarare huzoea lami tambarare tu. Mwili hujifunza kujizuia pale unapoyumba kidogo na kujirudisha wenyewe, kwa hiyo zoezi lazima liyumbishe. Shirika la Afya Duniani linashauri wenye miaka 65 na kuendelea wafanye mazoezi ya mizani ya mwili na ya nguvu angalau siku 3 kwa wiki.

Mzee aliyeanguka mara mbili au zaidi ndani ya mwaka, aliyeanguka akaumia, au anayeona kizunguzungu akisimama, aonwe na daktari kwanza. Apimwe presha akiwa amelala, kisha apimwe tena ndani ya dakika 3 baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, mazoezi ya miguu hayatatosha. Huenda dawa za presha au za usingizi zinahitaji kupangwa upya. Asiziache kwa uamuzi wake.

Mahali pazuri ni pembe ya chumba. Mzee asimame mgongo ukielekea hiyo pembe, na mbele yake kiti kizito cha mbao, mgongo wa kiti ukimwelekea. Akienda nyuma anakutana na ukuta, akienda mbele ana pa kushika. Kiti cha plastiki hakifai, miguu yake huteleza na kutanuka kwenye marumaru. Mkeka ukunjwe kando. Kanga au msuli ufungwe uishie juu ya vifundo vya miguu. Avae viatu vinavyoshika kisigino, au awe pekupeku sakafu ikiwa kavu. Ndala na soksi hapana. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia nyayoni avae viatu siku zote.

Anza kwa kupima. Asimame miguu ikiwa pamoja, sekunde 10. Kisha kisigino cha mguu mmoja kando ya kidole gumba cha mwingine. Kisha mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole. Mwisho mguu mmoja. Hatua ya kwanza anayoshindwa kufikisha sekunde 10 bila kushika ndiyo hatua yake ya mazoezi. Asiyeweza ile ya tatu yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kuanguka, hata kama anatembea vizuri tu mbele za watu.

Hapo kwenye hatua yake afanye mara 3 kila upande, sekunde 10 hadi 30. Na hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanashika kiti kwa nguvu. Mkono ukibana, kazi ya kifundo cha mguu inafanywa na kiganja, na mzee anaweza kufanya hivyo miezi mitatu asipate kitu. Mkono upunguzwe kwa ngazi: viganja viwili juu ya kiti, kimoja, vidole viwili, kidole kimoja, halafu mkono unaelea juu ya kiti bila kugusa. Kifundo kikitetemeka ni dalili njema. Akilazimika kuondoa mguu au akibana pumzi, rudi ngazi moja. Akifikisha sekunde 30 ametulia kabisa, zoezi limeshakuwa jepesi, panda.

Msaidizi asimshike mkono wala asimvute. Asimame ubavuni, nyuma kidogo, mikono ikiwa karibu na kiuno cha mzee bila kumgusa. Kama mzee ana upande uliopooza, msaidizi asimame upande huo.

Miguu nayo inataka nguvu. Chukua kiti kisicho na mito, urefu wa karibu sentimita 43, kiegemeze ukutani. Mzee asogee ukingoni, arudishe nyayo nyuma ya magoti, ainame mpaka pua ipite juu ya vidole vya miguu, ndipo ainuke. Asiyeinama mbele atarudi kitini kila mara na kudhani magoti yamechoka. Mara 5, apumzike, mara 5 tena; taratibu afikishe 10. Kushuka kuchukue sekunde 3, asijitupe. Kisha, akishika kiti, apande juu ya vidole mara 10, na asimame kwa visigino mara 10.

Kutembea kwa mazoezi kufuate ukuta. Mstari kati ya marumaru unatosha: hatua 10 kisigino mbele ya vidole, macho mbele, kisha hatua 10 za ubavuni kila upande. Wengi huanguka wakigeuka, kwa hiyo weka viti viwili, aina ileile ya mbao, mita 2 kati yake, avizunguke kwa umbo la namba 8.

Yakishazoeleka, mpe akili kazi nyingine. Ataje vituo vya njia ya Tanga hadi Segera (Pongwe, Muheza, Hale), kisha avirudie kinyumenyume huku anatembea. Mzee anayesimama kila akijibu bado anahitaji zoezi hilo. Zoezi la kufumba macho lisifanywe nyumbani. Hilo ni la mbele ya mtaalamu wa fiziotherapia.

Usitegemee tofauti kabla ya wiki 6 hadi 8. Wakati huo anapotawadha aoshe miguu akiwa ameketi kwenye kigoda, maana kuinua mguu kwenye sakafu yenye maji ni lile zoezi la kusimama kwa mguu mmoja, bila kiti wala ukuta. Mwezi wa Ramadhani mazoezi yahamie saa moja au zaidi baada ya futari, akiwa ameshakunywa maji ya kutosha. Maumivu ya kifua, kuishiwa pumzi au giza machoni, aketi papo hapo. Yasipoisha haraka, apelekwe hospitali.