SOMO: Kupima zebaki, risasi na metali nyingine mwilini (soma kabla ya kuniandikia inboksi)

Jamani, kila wiki swali ni lilelile, "musawo (mtu wa afya) nataka kupima sumu ya madini, nianzie wapi". Naandika mara moja, akiniuliza mtu nitamtumia linki. Niko maabara huku Busia, wengi wanaokuja kwangu ni wachimba dhahabu wa upande wa Tiira, mafundi wa betri na akina mama wenye watoto wadogo.

1. Jua kwanza unatafuta nini. Usiingie ukasema "nipimieni zote", sema kazi yako, unachokula, unachojipaka. Anayechoma dhahabu anavuta mvuke wa zebaki, huyo anapima mkojo. Zebaki inayotoka kwenye samaki ni ya aina nyingine, hiyo inaonekana kwenye damu. Risasi ni damu. Aseniki ni mkojo kwa sababu kwenye damu haikai, inaondoka haraka. Kadimiamu, damu inaonyesha ya karibuni na mkojo unaonyesha iliyojikusanya kwa miaka.

2. Kama ni aseniki, acha vyakula vya baharini siku tano kabla, na kwa usalama acha hata samaki wa ziwani, mukene (dagaa) na ngege.

3. Ulipigwa MRI ukachomwa dawa ya gadolini (nayo ni metali, inavuruga kipimo)? Subiri siku nne.

4. Kutoa sampuli. Hapa ndipo watu wanapoteza pesa, someni polepole. Vipimo hivi vinasoma vitu vidogo sana, kwa hiyo vumbi la kwenye kidole chako linatosha kuharibu kila kitu. Kuna kijana alikojolea palepale machimboni na nguo za kazi, mfuniko wa kopo akauweka kifudifudi juu ya ubao wanaochomea dhahabu halafu akafunga nao. Majibu yakaja juu mpaka nyumbani wakaanza kutafuta mnunuzi wa ng'ombe ili wampeleke Kampala. Akarudia akiwa ameoga, nguo safi, choo cha kituo, namba ikashuka sana, ilibaki ya mtu anayeshika zebaki na ushauri alihitaji, lakini siyo ya kuuza ng'ombe. Basi: oga, badili nguo, nawa mikono kwa sabuni na maji (ile jeli ya kupaka haitoi risasi), mfuniko ushike mkononi, usiuweke popote. Kopo ni la maabara, lililotengwa kwa vipimo vya metali. Chupa ya soda iliyosuuzwa siipokei, usinibembeleze.

Kwa risasi, damu itoke kwenye mshipa, iingie kwenye tyubu ya EDTA (dawa inayozuia damu kuganda) ya kupimia metali, ITIKISWE taratibu na isizungushwe kwenye mashine. Risasi karibu yote inakaa ndani ya chembe nyekundu, ukitenganisha damu ukapima yale maji ya juu umepima hewa. Mtoto anaweza kuanza na damu ya kidole, ila ikisoma juu usinunue dawa, rudia kwa mshipa kwanza.

5. Majibu yakija angalia pembeni ya namba kama imeandikwa kwa lita au kwa desilita. WHO mwaka 2021 walisema kwa risasi, ukifika mikrogramu 5 kwa desilita chanzo kitafutwe na kiondolewe. Kuna mama aliona 48 akalia usiku kucha, kumbe imeandikwa kwa lita, yaani ni 4.8 kwa desilita.

MASWALI

Boda wa Malaba: Bei gani na ni siku ngapi?
Jibu: Inategemea metali gani, na hujasema. Hatua ya 1.

Mzee wa Mubende: Kuna kliniki wananipa kidonge cha kuvuta madini, halafu ndiyo wanapima mkojo. Wameniambia nimejaa sumu.
Jibu: Mzee wangu, usilipe tena. Hicho kidonge kinasukuma metali zitoke kwa mtu yeyote, hata asiye na shida, halafu wanalinganisha na viwango vya watu ambao hawakumeza kitu. Lazima uonekane umejaa. Pima bila dawa. Dawa za kutoa risasi zipo kweli, kwa watoto daktari anaanza kuzifikiria ikifika 45 kwa desilita, na zinatolewa hospitali kwa uangalizi.

Jonny: mi natumia nywele, rafiki yangu kanambia ni bora
Jibu: Nywele zinasaidia kwa zebaki ya samaki. Kwa mengine vumbi na rangi za saluni zinaingia mle. Hapana.

Mama Tendo: Shikamoo musawo. Nina mimba ya miezi mitano na natafuna emumbwa (udongo wa kula) kila siku, hamu inanizidi. Nipime nini, na mtoto je?
Jibu: Marahaba dada, asante kwa kuuliza mapema. Udongo wa kula unaweza kubeba risasi na aseniki kutegemea ulikochimbwa, na risasi inapita kondo la nyuma mpaka kwa mtoto. Pima risasi kwenye damu, na siku hiyohiyo pima hemoglobini, kwa sababu mwili uliopungukiwa chuma unafyonza risasi zaidi, na hiyo hamu ya udongo yenyewe mara nyingi inakuja na upungufu wa chuma. Acha udongo kuanzia leo, usisubiri majibu. Mwambie mkunga kliniki, akupe vidonge vya chuma. Kula maharage, dodo (mchicha) na mukene, kalsiamu pia inasaidia kuzuia risasi.

Mama Tendo: Na sufuria za Katwe?
Jibu: Sufuria za alumini chakavu zimekutwa zikitoa risasi kwenye chakula katika nchi kadhaa. Kama ndiyo uliyo nayo usiisugue ndani mpaka ing'ae, na nyanya au ndimu usizilaze humo.

Nalongo: Mimi krimu ya kung'arisha, haijaandikwa zebaki kokote.
Jibu: Nyingi haziandiki. Acha kupaka, pima mkojo, njoo na kopo la krimu. Taulo na mto wa pamoja vinafikisha zebaki kwa watoto pia.

Fundi betri: Mimi napima kila mwaka niko sawa, ila mtoto wa miaka 2 amesoma 11. Hajawahi kufika gereji.
Jibu: Gereji inamfuata kwenye ovaroli yako kaka. Vua kazini, zifuliwe peke yake, nyumbani pigeni deki kwa maji badala ya kufagia. Kama hiyo 11 ni ya kidole, mlete arudie kwa mshipa wiki hii, na anayefua hizo nguo aje naye.