Barua Zinapoangukia Kwenye Taka: Jinsi ya Kukagua Seva Moja Yenye Vikoa Vingi

Seva moja inapohudumia barua pepe za vikoa vingi (majina kama duka.example) na barua zikaanza kuangukia kwenye folda ya taka (spam), swali la kwanza ni nani hasa anayelalamika. Wateja wote wakilalamika kwa wakati mmoja, chanzo kwa kawaida kiko kwenye kile wanachotumia kwa pamoja, yaani anwani ya IP na jina la seva. Lakini ikiwa ankara za duka.example zinaangukia kwenye taka ilhali barua za shule.example, zinazotoka kwenye seva hiyo hiyo, zinafika salama, iache IP kwa sasa na uanze na rekodi na saini za kikoa kimoja.

Kabla ya kugusa usanidi wowote, tuma barua kutoka kikoa kinacholalamikiwa kwenda kwenye akaunti yako ya Gmail, kwa njia ile ile anayoitumia mteja: kama anatuma kwa fomu ya tovuti, tuma kwa fomu hiyo, si kwa programu ya barua ya simu yako. Fungua chanzo cha barua iliyofika na utafute mstari wa Authentication-Results. Humo utaona matokeo ya ukaguzi wa SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa niaba ya kikoa), DKIM (saini ya kidijitali ya kikoa kwenye barua) na DMARC (sera ya kikoa inayotegemea hizo mbili), na kando ya kila tokeo kikoa kilichokaguliwa. Wengi husoma neno «pass» wakaridhika, wakati jibu lao liko kwenye jina la kikoa lililoandikwa pembeni yake.

Barua ina anwani mbili za mtumaji. Moja ni ya bahasha, ambayo seva huambiana na ambayo mpokeaji huiona kama Return-Path. Nyingine ni ile ya From, inayosomwa na binadamu. SPF hukagua ya bahasha peke yake. Tovuti iliyoandikwa kwa PHP mara nyingi hutuma kwa bahasha ya www-data@seva.example huku From ikiwa info@duka.example, hapo SPF itapita vizuri kabisa, kwa niaba ya seva.example, na DMARC ya duka.example itashindwa, kwa kuwa DMARC hutaka kikoa kilichopita kwenye SPF au DKIM kilingane na kile cha From. Elekeza tovuti itume kupitia SMTP, itifaki ya kutumia barua, kwa akaunti halisi ya kikoa chake, na uhakikishe kwamba saini ya DKIM ina d=duka.example, yaani jina la kikoa kilichotia saini. Saini hiyo ndiyo ya kutegemewa zaidi, kwani SPF huvunjika barua inapopelekwa mbele na seva nyingine, lakini saini huendelea kuwa halali maadamu barua haijabadilishwa.

Kwa wanaotumia Postfix (programu ya seva ya barua) na OpenDKIM (programu inayotia saini za DKIM), saini inayokosekana kwenye baadhi ya vikoa huwa na sababu chache zinazojirudia. Kama SigningTable, jedwali linaloonyesha barua zipi zitiwe saini na kwa ufunguo upi, ina mistari ya aina ya *@duka.example, lazima faili hilo litajwe kwa kiambishi cha refile: ndani ya opendkim.conf, la sivyo alama ya nyota haitafsiriwi na barua hutoka bila saini na bila onyo linaloonekana kwa urahisi. Barua zinazozaliwa ndani ya seva kwa amri ya sendmail hazipitii smtpd_milters (mpangilio wa Postfix unaopeleka barua zilizoingia kwa SMTP kwenye programu kama OpenDKIM) kamwe. Zinahitaji non_smtpd_milters, na hii ndiyo sababu barua za simu zikawa na saini na za tovuti zisiwe nayo. Mwisho, linganisha ufunguo wa umma ulio kwenye DNS (mfumo unaohifadhi rekodi za vikoa) na ule wa seva kwa opendkim-testkey. Ufunguo wa biti 2048 huzidi herufi 255 zinazoruhusiwa katika kipande kimoja cha rekodi ya TXT (rekodi ya maandishi ya DNS), kwa hiyo unapaswa kugawanywa, na baadhi ya paneli za DNS huukata kimyakimya.

Kwa upande wa SPF, hakikisha kila kikoa kina rekodi moja tu inayoanza na v=spf1. Zikiwa mbili, kwa mfano yako na ya huduma ya majarida aliyojiunga nayo mteja, matokeo ni kosa la kudumu. Utafutaji wa DNS ndani ya rekodi hauruhusiwi kuzidi 10.

Sasa IP. Huhitaji rekodi ya PTR (inayogeuza IP kuwa jina) kwa kila kikoa, ingawa ushauri huo husikika mara kwa mara. IP moja inatosha kuwa na jina moja, mradi jina hilo nalo lirudi kwenye IP ile ile na lifanane na lile ambalo seva hujitambulisha nalo kwenye HELO, salamu ya kwanza kati ya seva. Kagua kwa dig -x, kisha uombe marekebisho kwa kampuni inayokukodisha seva, kwani wao ndio wenye mamlaka ya rekodi hiyo. Usisahau IPv6: seva yenye anwani hiyo bila PTR hukataliwa na Gmail, na SPF iliyotaja ip4 pekee haiihesabu. Kama huwezi kuirekebisha, weka inet_protocols = ipv4.

Ukiikuta IP kwenye orodha ya Spamhaus, shirika linaloorodhesha IP zinazotuma barua taka, usiombe kuondolewa kabla ya kuziba uvujaji. Tazama foleni kwa mailq, kisha uhesabu sasl_username (jina la akaunti iliyotumika kutuma) kwenye logi: akaunti moja iliyoibiwa nywila huchafua sifa ya vikoa vyote. Ukikagua orodha hiyo kwa amri, usipitie DNS ya umma kama 8.8.8.8, maana Spamhaus huijibu kwa msimbo wa kukataa, ambao ukisomwa vibaya hufanana na kuorodheshwa.

Baada ya hapo, weka DMARC ya p=none (kufuatilia tu bila kuzuia) yenye anwani ya rua, ambako ripoti hutumwa, kwa kila kikoa, usome ripoti hadi njia zote halali za kutuma ziwe zimepita, ndipo upande hadi p=quarantine, inayoomba barua zinazoshindwa zipelekwe kwenye taka. Tangu Februari 2024 Google hudai DMARC kwa watumaji wa barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenda Gmail, na huwataka kiwango chao cha barua zinazoripotiwa kuwa taka kisifike asilimia 0.3. Kiwango hicho husomwa kwa kila kikoa ndani ya Postmaster Tools, zana ya Google kwa watumaji, kwa hiyo sajili humo vikoa vyote, si kile kinacholalamikiwa tu.