Bampa la Corolla 110: livalishe kwanza, rangi baadaye

Mabampa matatu ya mbele yamepita mikononi mwangu kwenye gari moja. La pili nililipaka rangi kabla ya kulijaribisha, na hadi leo liko nyuma ya nyumba, kuku wanataga ndani yake. Rangi yake bado inang'aa.

Gari ni Corolla 110 ya mwaka 1996, rangi ya fedha. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga, si fundi, ila mshahara wa ualimu umenifundisha kufungua vitu mwenyewe. Bampa lililokuja na gari lilivunjika mbuzi alipokatiza karibu na Segera. Kwa miaka miwili lilishikwa na lailoni na waya wa kufungia mazege, nikilipaka kiwi nyeusi ya viatu ili mpasuko usionekane kwa mbali. Mvua ikinyesha, kiwi inahamia kwenye suruali ya anayepita karibu.

Sasa, kosa la lile bampa la pili. 110 ina nyuso mbili. Ya kwanza ilitoka Japani Mei 1995, na Aprili 1997 Toyota wakaibadilisha sura: taa, shoo (ule wavu wa mbele kati ya taa) na bampa. Gari langu ni la uso wa kwanza, bampa nililouziwa ni la uso wa pili. Muuzaji aliniambia, "Mwalimu, 110 ni 110 tu, hiyo inaingia bila hata kusukuma." Nikaamini, nikalipeleka moja kwa moja kwa mpaka rangi. Siku ya kulivalisha, upande wa kushoto kidole changu kilipita kati ya bampa na taa, na upande wa kulia bampa limeikalia taa kabisa. Tulisukuma. Tulisukuma tena. Fundi akaniuliza taratibu kama sote tunaongelea gari moja.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hela, jua gari lako ni la uso gani. Fungua boneti usome kile kibati kilichogongwa maandishi. AE110 ni injini ya 1500, EE111 ni ya 1300, CE110 ni dizeli. Herufi hizo zisikutishe, bampa halijali injini. Linachojali ni bodi na mwaka. Sprinter ni ndugu wa Corolla, lakini mbele na nyuma ana sura yake. Na zile wagoni za Corolla za miaka ileile zilibaki na bodi ya 100, usichanganye. Ukipenda uso wa pili kwenye gari la uso wa kwanza, usinunue bampa peke yake. Nunua taa, shoo na bampa vilivyotoka kwenye gari moja, uvijaribishe vyote kwa pamoja kabla ya kuagana na muuzaji.

Kwenye kibati hichohicho kuna namba ya rangi. Yangu ni 199, fedha. Iandike mahali, tutaihitaji.

Spea nilifuata Dar, Ilala na Gerezani. Utakuta aina mbili: jipya la Taiwan, na la mtumba lililokatwa kwenye gari, mara nyingi limepitia Dubai au Sharjah. Jipya linavutia kwa macho, ila yale niliyoyashika ni membamba na matundu yake hayakukutana na ya gari. Mimi nachukua la mtumba lenye mikwaruzo. Mkwaruzo unaondoka kwa msasa, tundu lililokosewa linakusumbua maisha.

Ligeuze, litazame ndani. Huko ndiko bampa linakosema ukweli. Tafuta alama ya PP, yaani polipropilini. Hiyo ndiyo plastiki yenyewe, na utaihitaji kujua ukija kuziba nyufa. Kisha kagua masikio, yale mabano madogo ya plastiki yanayopitisha bolti. Yakiwa na weupe kwenye mikunjo, yamewahi kuvutwa na yako njiani kukatika. Yakiwa yamejengwa kwa faiba, mwachie muuzaji. Gonga uso wa nje kwa kidole: plastiki inalia kwa wepesi, palipojazwa puti, ule udongo wa kuzibia mabonde, panalia kizito. Usisahau kudai vya ndani: chuma kinachokaa nyuma ya bampa, foamu yake, na brakti mbili za pembeni zinazoshika bampa chini ya fenda. Brakti hizo wauzaji huziacha kwenye gari kwa uvivu, na bila hizo pembe za bampa zinaning'inia kama midomo ya ngamia. Kwenye basi la kurudi Tanga nililifunga kwa blanketi kuukuu na kulilaza chali juu ya mizigo yote. Ukilisimamisha, hadi ufike limepinda.

Kufungua la zamani ni kazi ya asubuhi moja. Vifaa: soketi namba 10 na ekstensheni, namba 12 na 14 kwa ajili ya chuma cha ndani, bisibisi nyota, bisibisi bapa, na trei tupu la mayai. Trei ni la kuwekea bolti kwa mpangilio uliozitoa. Zinatofautiana urefu, na bolti ndefu ikiingia pasipo pake inatoboa kitu. Kama gari lina eabegi, toa waya wa hasi wa betri na usubiri zaidi ya dakika moja na nusu, na soketi yoyote ya njano uiache ilivyo.

Anza juu, ukiwa umefungua boneti. Halafu geuza usukani ili tairi likupishe, utoe skrubu na klipu za ule ulinzi wa plastiki wa ndani ya fenda. Mkono ukipita humo utaigusa bolti ya pembeni, na mara nyingi hiyo ndiyo iliyokula kutu. Sisi wa pwani tunaijua chumvi. Usiilazimishe. Ipulizie WD-40 au idondoshee mafuta ya breki, uiache ilale hadi kesho, ila mafuta ya breki yasiguse rangi kwa sababu yanaibabua. Malizia chini. Klipu zina kichwa katikati: kiinue kwanza kwa bisibisi bapa, ndipo utoe klipu nzima. Nusu yake zitavunjika, nunua za akiba kabla. Hapo mwite mtu mwingine. Mimi nilimwita kijana wangu wa kidato cha pili. Kila mmoja ashike pembe yake, avute kwa nje kwanza, kisha mbele. Kama kuna taa za ukungu, chomoa soketi zake kabla bampa halijaenda mbali.

Bampa la nyuma ni hadithi fupi zaidi, ila nati nyingine zimejificha nyuma ya kapeti la buti. Ukizifungua, tazama raba na gundi ya kuzuia maji kwenye matundu. Ukirudisha bila kuziba vizuri, buti litakuwa kisima.

Bampa likitoka, utakiona chuma. Changu kilikuwa kimepinda pale alipogonga mbuzi, na pembe zake zilikuwa zimejaa udongo mkavu wa miaka. Funga uzi kutoka pembe hadi pembe uone kama kimenyooka. Bampa jipya juu ya chuma kilichopinda halikai sawa, na utamlaumu muuzaji bure. Changu niligonga kikanyooka kiasi, baadaye nikapata kingine nikakibadilisha; hicho ndicho kinachopokea ajali, hakifai kubaki na mikunjo. Kisugue kwa brashi ya waya, kipake rangi ya kuzuia kutu.

Sasa livalishe bampa likiwa bado na mikwaruzo yake. Brakti za pembeni kwanza, pembe za bampa ziingie humo, halafu bolti za juu katikati, zote zikiwa zimeshikwa kwa vidole tu. Simama mbele, hatua nne nyuma, uchuchumae. Msawazo wa mianya naupima kwa sarafu za shilingi 200: mbili zikipita kwa shida kati ya bampa na fenda kushoto, basi na kulia zipite kwa shida ileile. Sogeza, kaza kidogo, pima tena. Mimi ilinichukua saa nzima na sijutii hata dakika moja. Ukisharidhika, toboa na matundu ya namba. Bampa la Japani limeachiwa nafasi ya namba yao fupi, sentimita 33, na yetu ndefu inazidi pande zote mbili; ni afadhali drili iteleze kwenye plastiki chakavu kuliko kwenye rangi ya jana.

Palipobonyea, mwagia maji ya moto yaliyochemka, kisha sukuma kwa ndani ukiwa umevaa glavu. Plastiki inarudi yenyewe, halafu mwagia maji baridi. Ufa nauziba kwa hendeli ya kuchomelea waya za redio, nikiyeyushia ukanda niliokata kwenye bampa la zamani lililovunjika, PP kwa PP. Lailoni ya kufungia haishikamani nayo, hata ikiyeyuka vizuri namna gani. Kwa ndani lalisha wavu mwembamba wa chuma ndani ya plastiki iliyoyeyuka.

Ndipo litoe, ulipeleke kwa rangi. Lisugue na sabuni ya vyombo, suuza, likwaruze kwa msasa wa maji namba 400, na hapa simama juu ya kichwa cha mpaka rangi: plastiki hii inataka praima (rangi ya chini) yake maalumu ya plastiki kabla ya kitu kingine chochote. Ikirukwa, rangi itabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua na jua, ikianzia pale jiwe la kwanza litakapogonga. Mpe namba ya rangi, lakini mwambie pia alinganishe na fenda yako. 199 iliyokaa juani tangu 1996 si 199 ya kwenye kopo. Rangi ya fedha ina vumbi la chuma ndani yake, kwa hiyo umbali wa bunduki ya kupulizia rangi na upepo wa kompresa vinabadilisha weupe wake. Omba apulizie kipande cha kopo kwanza, mkitazame nje, kwenye kivuli na kwenye jua.

Wakati bampa linakauka, shughulikia mikanda ya plastiki ya milangoni na nembo. Weka utepe wa karatasi juu ya mstari wa ukanda kabla ya kuung'oa, la sivyo hutakumbuka ulipokuwa. Pasha moto kwa mashine ya kukaushia nywele ya mama watoto, kisha pitisha mshipi wa kuvulia nyuma ya ukanda na uukate huku na huku kama msumeno. Usibandue kwa bisibisi. Gundi iliyobaki inalainika kwa mafuta ya taa na kutoka kwa kidole gumba, ni uvumilivu tu. Futa na spiriti, bandika kwa utepe wa pande mbili ule mzito wa magari, kandamiza, na gari lisioshwe hadi siku nzima ipite.

Bampa likirudi, livalishe kwa mpangilio uleule, trei la mayai pembeni. Jioni egesha mbele ya ukuta uone kama taa hazijahama. Za kwangu moja ilikuwa inamulika minazi. Baada ya wiki moja ya barabara zetu, rudia kukaza bolti zote kwa namba 10, taratibu, kwa mkono mmoja.