Kutambua stempu za Katanga katika albamu ya utotoni
Ukifungua tena albamu ya stempu ulizokusanya utotoni hapa Lubumbashi, usiharakishe kuondoa zile zinazofanana, kwa maana humo ndimo tofauti hujificha. Baadhi ya stempu za maua zilizotolewa na Kongo ya Wabelgiji kuanzia 1952 zilipigwa chapa ya pili mwaka 1960, nyingine kwa neno CONGO na nyingine kwa neno KATANGA, jimbo lililojitenga na Kongo mwaka huo, hivyo ua lilelile laweza kuwa stempu tatu. Ishike kwa kibano, uiinamishe kwenye mwanga wa dirisha, na utazame kwa kioo cha kukuzia jinsi wino wa chapa hiyo ulivyolala juu ya petali; kisha uhesabu matundu ya ukingoni ndani ya sentimita 2. Yenye gundi nyuma isiguswe na maji kamwe. Niliiharibu moja hivyo, na bado inaniuma.