Jinsi ya kuiangalia ndege ya kivita ya zamani mpaka uielewe

Watu wengi wakiingia makumbusho ya ndege wanafanya hivi: simu inatoka mlangoni, kila ndege inapigwa picha ya pua, hanga zima linaisha kwa dakika ishirini. Ukimuuliza jioni umeona nini anakwambia nimeona majeti. Mimi nataka utoke pale na ndege moja tu kichwani lakini uwe umeijua mpaka tumbo lake.

Kwanza mahali. Kama uko Uingereza, au una ndugu kule unaenda kumsalimia, RAF Museum, yaani makumbusho ya jeshi la anga la Uingereza, ya London iko Hendon, unashuka stesheni ya Colindale unatembea kidogo umefika, na kiingilio bure. Tawi lao la Cosford nalo bure, na pale ndo utakuta Valiant, Victor na Vulcan zote tatu, zile ndege zilizojengwa kubeba mabomu ya nyuklia ya Uingereza. Kwa helikopta nenda Weston-super-Mare, The Helicopter Museum, pale unalipa lakini pesa yako haipotei. Jitahidi iwe siku ya kazi asubuhi, maana wikendi wanajaa watoto na utakosa nafasi ya kukaa na ndege yako kwa utulivu.

Ukishaingia chagua moja. Ya kuanzia mi nashauri Hawker Hunter, jeti ya kivita ya Waingereza. Iliruka mara ya kwanza tarehe 20 Julai 1951, mbunifu wake Sydney Camm, rubani Neville Duke, na hata sisi inatuhusu kwa sababu Kenya ilikuwa nazo miaka ya 70 kabla jeti za F-5 za Marekani hazijaja, na Oman ilipewa za kwake na Jordan mwaka 1975. Simama mbali kidogo ubavuni, hatua kama ishirini, uone ule mstari unaotoka puani mpaka mkiani bila kukatika. Kwa macho yangu hakuna jeti ya miaka ile iliyoifikia kwa uzuri. Halafu izunguke raundi moja, kamera iko mfukoni.

Sasa chutama, maana ndege ya kivita siri zake ziko chini. Chini ya pua utaona matundu manne, hiyo ni mizinga minne aina ya ADEN ya milimita 30. Ukitazama vizuri utaona mistari ya mkato imezunguka kipande kizima cha tumbo, na hapa ndo akili ya ile ndege ilipo: mizinga yote minne na risasi zake ziko kwenye boksi moja linaloshuka kwa winchi, mitutu inabaki ndani ya ndege, mafundi wanashusha boksi lililotumika wanapandisha lililojaa na baada ya dakika chache rubani anaondoka tena. Nyuma kidogo ya pale kuna vivimbe viwili, kushoto na kulia. Vile vinakusanya vipande vya mkanda wa risasi, kwa sababu vilipokuwa vinatupwa nje ovyo vilikuwa vinagonga mwili wa ndege. Waingereza wakavibatiza Sabrina, jina la mwigizaji mmoja wa enzi hizo mwenye kifua kikubwa.

Siku moja nimechutama hapo hapo, mzee mmoja wa kujitolea, fundi wa jeshi zamani, akaja akachutama na yeye ingawa magoti yalimsumbua, akaweka kiganja juu ya kile kivimbe akaniruhusu na mimi niweke. Bati la baridi, ukingo wake rangi imeliwa mpaka inaonekana rangi nyingine chini yake, na screw moja kichwa chake kimechakaa kwa kufunguliwa mara nyingi mno. Ile screw ndo imenikaa mpaka leo, maana kila mkwaruzo pale ni fundi mmoja alikuwa na haraka. Lakini usiguse kabla hujaruhusiwa, jasho la mkono linakula bati pole pole.

Malizia mkiani, angalia chini utaona kibao cha breki ya hewa kimekaa kama kimebandikwa. Ni kweli kimebandikwa, ndege ilishachorwa ndo ikaonekana breki haitoshi. Ukishazoea kujiuliza kila kivimbe kilikuja kutatua tatizo gani, ndege nyingine zinafunguka zenyewe. Lightning, jeti nyingine ya Waingereza, utajiuliza mbona nene hivi kwa kwenda juu, kumbe injini mbili zimepangwa moja juu ya nyingine. MiG-21 ya Warusi ina koni puani, ile inasogea mbele na nyuma kupanga hewa inayoingia kwenye injini kadiri kasi inavyopanda.

Kwenye helikopta usianzie mlangoni, anzia juu. Hesabu mapanga. Huey, ile helikopta ya Wamarekani, ina mapanga mawili tu, mapana, na ule mlio wake wa kupiga kifuani unatokea pale panga linapokutana na hewa iliyovurugwa na mwenzake aliyetangulia. Halafu pale Weston iko Lynx iliyoandikwa G-LYNX, tarehe 11 Agosti 1986 ilifika kilomita 400.87 kwa saa. Tazama ncha za mapanga yake, zimepanuka kama kafi la ngalawa. Helikopta ikikimbia sana, panga linaloenda mbele linakaribia kasi ya sauti na linalorudi nyuma linakosa hewa ya kulibeba, kwa hiyo ile kafi inasaidia pande zote mbili.

Ukipata maonyesho ambayo ndege zinaruka kweli, beba vizibo vya masikio, lakini Hunter ikipita toa kimoja kidogo, ina mluzi wake wa huzuni ambao wapenzi wa ndege wanasema unatoka kwenye matundu ya mizinga.

Picha sasa piga, ila kwa uangalifu kwenye viwanja vya jeshi. Mwaka 2001 wapenzi wa ndege 14, Waingereza 12 na Waholanzi wawili, walikamatwa Kalamata kule Ugiriki wakashtakiwa kwa upelelezi, wakahukumiwa mwaka uliofuata na ikabidi wakate rufaa ndo wakaachiwa. Huku kwetu usijaribu kabisa kuelekeza lenzi kambini, omba ruhusa kwanza, ukikataliwa ondoka.

Na beba daftari, ukiandika usiishie kwenye jina la aina ya ndege. Ndege za jeshi la Uingereza zina herufi mbili na tarakimu tatu ubavuni, iandike ile, maana kwa hiyo namba utaifuatilia ndege yenyewe, ilikaa kikosi gani, ilianguka au ilipona. Mimi ukurasa wangu wa kwanza una WB188, Hunter nyekundu iliyoko makumbusho ya Tangmere, Uingereza, ambayo Duke aliipeleka kilomita 1,171 kwa saa tarehe 7 Septemba 1953 ikawa rekodi ya dunia.