Kuchagua loki ya difu ya mbele ya kwadi, kwa mchanga wa Unguja na utope wa Pemba

Simu zinazonijia gereji zina swali moja: "Fundi, loki gani nzuri?" Yaani kifaa cha kufunga difu ili matairi mawili ya mbele yazunguke kwa pamoja. Anayepiga huwa yuko Paje na kwadi (pikipiki za magurudumu manne) za kukodisha, au yuko Pemba na kwadi ya shamba. Nami humrudishia maswali mawili: inapita wapi, na nani anashika hendeli? Akishajibu hayo, kazi kubwa imekwisha, kilichobaki ni spana na pesa.

Nitaeleza kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe, tangu kwadi inaingia mpaka inatoka.

Hatua ya 1: Hakikisha difu yenyewe ipo

Usicheke. Kwadi nyingi ndogo za kukodisha zinavutwa nyuma tu kwa cheni. Mbele hakuna difu wala shafti, ni magurudumu ya kufuata. Nimeshaletewa loki iliyonunuliwa tayari, imefungwa vizuri kwenye boksi, kwa ajili ya kwadi ya namna hiyo. Inama, chungulia katikati ya matairi ya mbele. Ukiona bakuli la chuma lenye shafti mbili zinazotoka kulia na kushoto, na shafti ya propela, inayoleta nguvu ya injini, ikiingia kwa nyuma, endelea kusoma.

Difu ipo ili tairi la nje lizunguke zaidi kuliko la ndani unapokata kona. Tatizo lake ni kwamba inagawa nguvu sawa kwa sawa, na anayepanga kiwango ni tairi dhaifu. Tuseme tairi la kushoto limekaa kwenye utope usioweza kuhimili zaidi ya Nm 20 za nguvu ya kuzungusha. La kulia, hata likiwa juu ya jiwe kavu, litapata Nm 20 hizo hizo, ubane akseli, yaani mkono wa mafuta, mpaka injini ilie. Nyuma hakuna shida hiyo kwa sababu kwadi nyingi hazina difu ya nyuma, matairi mawili yanazunguka pamoja. Kwa hiyo 4WD (mvuto wa matairi yote manne) yenye difu wazi mbele, yaani isiyo na loki, siku ya kukwama karibu kazi yote inabaki kwa matairi mawili ya nyuma.

Hatua ya 2: Jua uliyonayo ni ya aina gani

Piga jeki mbele mpaka matairi yote mawili yaning'inie. Weka gia kwenye P (ya kuegesha), washa swichi, bonyeza 4WD. Sasa shika tairi moja ulizungushe kwa mkono.

La pili likizunguka kinyume kwa wepesi, difu yako ni wazi. Likizunguka kinyume lakini kwa kukaza, una difu ya kuzuia mtelezo wa tairi moja, ambayo ndani yake ina sahani za klachi au gia za kubana. Ukibonyeza loki halafu yote mawili yakagoma kuzunguka, loki ipo na inafanya kazi.

Watu wengi wanashangaa hapa. Yamaha Grizzly nyingi zina loki ya kiwandani: swichi inakwenda 2WD, kisha 4WD, kisha 4WD iliyofungwa. Suzuki KingQuad nyingi pia zinayo. Kawasaki Brute Force ina mkono mdogo upande wa kushoto wa hendeli, na kadiri unavyoubana ndivyo difu inavyobana. Kuna mwenye kwadi aliyekaa nayo miaka miwili akidhani mkono ule ni breki iliyokufa.

Polaris ni habari nyingine, jaribio la jeki peke yake halikupi jibu. Mbele yake kuna roli (vyuma vidogo vya mviringo) zinazobanwa na kisumaku cha umeme. Ukiwasha 4WD, roli zinasubiri. Matairi ya nyuma yakianza kuteleza, zinakamata na kuyavuta matairi yote mawili ya mbele kwa pamoja. Kwa hiyo mwenye Polaris anayelalamika kuwa "inavuta upande mmoja" hahitaji kununua loki, anahitaji fundi wa kuangalia waya. Toa plagi ya koili ya kisumaku hicho, pima kwa mita ya umeme. Inatakiwa isome karibu na ohm 24. Ikisoma sifuri au isiposoma kabisa, umeshapata mgonjwa. Na oili yake ni ya kwake. Ukimimina ya difu ya gari, roli zitateleza au zitagoma kuachia.

Hatua ya 3: Ondoa sababu za bure kwanza

Bwana mmoja wa upande wa Wete aliniita nikaangalie kwadi anayobebea karafuu kutoka bondeni. Kilima chekundu, mvua imenyesha usiku, utelezi kama umepaka sabuni. "Mwanangu," akaniambia, "mimi nataka ipande tu. Hendeli ikiwa nzito nitaivumilia." Kabla ya kugusa difu nikatoa kipimo cha upepo. Psi 15. Kijana wake alijaza kwa pampu ya gari mpaka tairi likawa gumu kama dafu. Kwadi nyingi zinataka psi 5 hivi, zimeandikwa ubavuni mwa tairi au kwenye kibandiko cha bodi. Tukashusha. Akapanda kilima robo tatu bila hata kuwasha 4WD, gunia zikiwa nyuma.

Robo iliyobaki tutairudia.

Angalia pia oili ya difu. Fungua bolti ya chini, weka sufuria. Ikitoka nyeusi, mwaga uweke mpya. Ikitoka ya rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Kwetu huku mlango wa maji ni mpira wa kupumulia: difu imepata moto, unaizamisha kwenye maji ya bahari au kidimbwi, inapoa ghafla na kunyonya. Maji ya chumvi yakikaa wiki mbili mle ndani, beringi zinaanza kulia. Pandisha mpira ule mpaka chini ya hendeli uufunge kwa tai ya plastiki, kisha mwaga oili mara mbili. Fyuzi na mota ya kubadilisha 4WD nazo zipime, kutu ya plagi imeua mota nyingi kuliko mwendo.

Hatua ya 4: Linganisha loki na ardhi

Mchanga wa Paje na Jambiani, maji yakipwa: matairi yote yanapata mchanga ule ule, kwa hiyo loki inaongeza kidogo sana. Upepo mdogo na mwendo usiokatika ndivyo vinavyokutoa. Difu ya kuzuia mtelezo inatosha kabisa. Can-Am wana mfumo wao wa Visco-Lok, ambapo tairi moja likizidi kasi, pampu ndogo inasukuma majimaji mazito yanayobana klachi, yenyewe bila swichi. Kwa mchanga ni raha.

Maweni ni kinyume. Jiwe la matumbawe limechongoka, tairi moja linapanda, la pili linabaki hewani. Hapo difu nyingi za kuzuia mtelezo zinaishiwa, hasa za gia, kwa sababu zinafanya kazi kwa kuzidisha nguvu ya tairi dhaifu. Tairi likiwa hewani nguvu yake ni karibu na sifuri, na sifuri hata ukiizidisha mara tatu ni sifuri. Unahitaji loki kamili.

Sasa turudi kwa yule bwana wa Wete. Robo ya mwisho ya kilima ina kona, na maji ya masika yameikata mfereji wa mshazari. Kila kwadi inayopita hapo inanyanyua tairi la mbele kulia. Tulikwama palepale na upepo wa psi 5. Huyu ndiye mtu wa loki: anajua njia yake, anakwenda polepole, amebeba mzigo, na hana lami ya kukatia kona.

Loki kamili ziko za namna mbili. Ya kuchagua ina swichi, waya au lever. Unaifunga ukitaka na kuifungua ukimaliza. Ya kujiendesha inaingia mahali pa gia za spaida, zile ndogo za katikati ndani ya difu; ukibana akseli inashika matairi yote mawili, na ukikata kona tairi la nje linaachia kwa kuruka meno, utasikia tak tak tak. Haina waya wala mota ya kuliwa na chumvi, na mara nyingi ni nafuu. Kwa yule bwana niliweka hii.

Lakini nisikufiche. Mwaka mmoja niliweka hiyo hiyo kwenye kwadi ya kukodisha ya mwenyeji mmoja wa kusini. Mgeni akaingia kona ya barabara ngumu akiwa kwenye 4WD, akabana akseli katikati ya kona. Tairi la ndani likashika, la nje likaachia, hendeli ikajinyoosha yenyewe mikononi mwake na kwadi ikaingia ukutani mwa shamba la watu. Aliumia kiwiko. Kosa lilikuwa langu, si lake, kwani mimi ndiye niliyejua hendeli itavuta. Tangu siku ile, kwadi inayoendeshwa na wageni siiwekei loki ya kujiendesha. Ni ya swichi, au ibaki kama ilivyotoka kiwandani.

Hatua ya 5: Kabla hujatuma pesa

Kipuri kinakuja kwa boti kutoka Dar, au mbali zaidi, na kikikosea meno huwezi kukirudisha jioni. Toa shafti moja uhesabu meno ya ncha yake inayoingia kwenye difu. Hesabu mara mbili, weka alama ya chaki kwenye jino la kwanza. Andika modeli na mwaka kutoka kwenye namba ya fremu, si kwa maneno ya aliyekuuzia, maana kampuni moja inaweza kubadilisha difu ilhali bodi ni ile ile.

Kisha tazama sivi jointi, kile kiungo cha shafti kinachojipinda hendeli ikikatwa. Loki inaweza kupeleka nguvu yote ya mbele kwenye shafti moja iliyoshika, na hendeli ikiwa imekatwa mpaka mwisho, sivi chakavu ndipo inapopasuka. Buti, mpira unaoifunika, likiwa limechanika na grisi imejaa mchanga, badilisha kwanza. Ukiwa umeongeza ukubwa wa matairi, hatari hiyo inaongezeka.

Hatua ya 6: Kufunga na kujaribu

Kufunga kwenyewe ni kazi ya nusu siku kwa fundi mwenye mkono. La kuangalia ni shimu, zile washa nyembamba za kurekebisha nafasi: zipange kwenye kitambaa kwa mpangilio zilivyotoka, kulia kulia, kushoto kushoto, kwani ukizichanganya krauni na pinioni, gia kuu mbili za difu, zitalia na kulana. Sili mpya, usirudishe za zamani.

Rudia jaribio la jeki. Halafu toka nje, tafuta uwanja wa udongo laini, kata nane polepole ukiwa 2WD, kisha 4WD, kisha umefunga. Usifunge loki kwenye lami. Hendeli itakuwa nzito, matairi yatakwaruza, na mvutano wote utabaki ndani ya gia. Funga ukiwa umesimama au unakwenda taratibu sana, si baada ya tairi kuanza kuzunguka kwa kasi. Baada ya siku chache za kazi mwaga oili uangalie sumaku ya bolti. Vumbi laini la kijivu ni kawaida, vipande si kawaida.

Kwa wenye kwadi za kukodisha nafanya jambo moja zaidi. Swichi ya loki naihamisha kutoka kwenye hendeli naiweka chini ya kiti, penye ufunguo. Mgeni akinasa, kiongozi wa msafara anashuka, anainua kiti, anafunga, anaitoa kwadi mwenyewe, kisha anafungua na kumrudishia mgeni hendeli.